Kesi ya Mgodi wa Chumvi

Mvua ya Oktoba mjini Wrocław haina adabu. Ilimkuta Bogna akitoka kumzika shangazi yake, amevaa koti jeusi la kuazima lililombana mabegani na kofia ya sufu ya kijani ambayo mama yake angesema si ya msibani. Treni ya kumrudisha Gdańsk ilikuwa ya saa kumi na mbili jioni na saa nane ilikuwa haijafika. Akaingia ukumbi wa kwanza alioukuta wazi.

Ndani kulikuwa na gulio la gemu za zamani. Watu walijaa tele, makoti yananuka mvua, kompyuta za miaka ya tisini zinanguruma mezani, na pembeni mama mmoja anachoma mikate ya uyoga na jibini. Bogna alitaka chai tu. Lakini kule mwisho wa ukumbi watu walikuwa wanacheka, na aliyetoka makaburini akisikia kicheko hukifuata.

Kumbe palikuwa na mahakama. Kila mwaka gulio hilo huishtaki gemu moja iliyowavunja watu moyo, nayo hupewa mwendesha mashtaka na mtetezi. Kabla kesi haijaanza, watu walikuwa wakibishana kama wapo barazani. Mmoja aliitaja gemu ya farasi waliopanda hadi juu ya mapaa wakakataa kushuka. Mwingine akamkumbuka golikipa aliyekuwa akiukimbia mpira. Binti mwenye nywele za waridi, Roksana, alisema gemu mbovu anaisamehe, asichosamehe ni kungojeshwa miaka minane ndipo aletewe huo ubovu. Hapo mazungumzo yakapoa, maana walianza kuhesabu studio za gemu zilizofungwa tangu kiangazi. Mzee mmoja akasema siku hizi haitukani gemu mpaka asome majina yanayopita mwishoni, kwa kuwa wale wote walikesha wakiitengeneza.

Jaji akagonga meza kwa nyundo ya kupondea nyama. Lilikuwa jitu la ndevu lililovaa gauni la kuogea la mkewe, jekundu, halifungi tumboni. Bogna akamtazama vizuri. Alikuwa Ignac, rafiki yake wa ujana.

"Mshtakiwa wa leo mmemchagua nyinyi, si mimi," Ignac alisema, na hakuonekana kufurahi. "Mgodi wa Chumvi, wa mwaka tisini na tisa. Mtetezi ni yule yule wa kila mwaka, ambaye kesho anafunga studio yake ya tatu. Mpigieni makofi, mwacheni apumue."

Akasimama mwanamume mwembamba, sweta limechakaa viwikoni, nywele zimeingia mvi. Miaka ishirini na miwili, na bado Bogna alimjua Kornel kwa namna alivyosimama, bega moja juu.

Wakati ule walikuwa watatu, wakiitengeneza gemu hiyo katika nyumba ya bibi yake Kornel. Kornel aliandika programu, Ignac alichora, na Bogna, aliyekuwa bado chuo cha maigizo, alikuwa sauti ya Kinga, binti wa mgodini. Studio ya kurekodia ilikuwa kabati la nguo la bibi, limejazwa mablanketi, linanuka dawa ya nondo. Kornel alikuwa akimpitishia chai mlangoni na kumwita kichura changu, na huko kwao mwanamke akiitwa chura na ampendaye huyeyuka. Bogna aliyeyuka. Walikula viazi na maziwa ya mgando wiki nzima wakajiona matajiri.

Kisha redio ya Gdańsk ikamwita kazini. Wakagombana, na Kornel, kwa uchungu wa kuachwa, akamwambia aende tu, gemu itatoka bila sauti yake. Hasira hasara. Siku ya pili aliomba radhi, Bogna akamsamehe, akaondoka wakiwa wameahidiana kuoana Pasaka. Wiki tatu baadaye gemu ikaingia madukani. Kinga alikuwa akifungua mdomo na kuufunga, sauti hakuna. Majarida yaliwacheka mpaka studio ikafa. Kornel akapiga simu.

"Bogna, nisikilize. Diski iliyokwenda kiwandani kunakiliwa siyo yenyewe."

"Nani aliipeleka?"

Kornel akaanza kueleza habari za kiwanda.

"Nakuuliza, Kornel. Nani alikosea?"

"Siwezi kusema."

"Basi ni wewe. Uliniambia na umefanya."

Akakata simu, na zilizofuata hakuzipokea. Aliolewa na mtu mwingine, wakaachana bila kelele. Asubuhi zote hizo nusu ya nchi ilikunywa kahawa ikimsikiliza redioni, naye aliishi akiamini kwamba mtu mmoja aliyempenda kuliko wote ndiye aliyemziba mdomo. Jambo hilo lilimla, tusidanganyane.

Sasa Roksana, mwendesha mashtaka, alikuwa amepamba moto. Alisema binti wa mgodini anafungua mdomo mara mia nne na kumi bila kutoa neno, na kwamba hata samaki wa Krismasi, anayewekwa hai ndani ya beseni akingoja kisu, ana mazungumzo zaidi. Watu wakacheka sana.

"Sauti ilikuwepo," Kornel alisema. "Mimi niliisikia."

"Ikaenda wapi?"

"Ilipotea. Kosa langu."

"Mheshimiwa jaji," Bogna alisema kutoka nyuma, "naomba nimuulize mtetezi swali."

Hakupaza sauti. Watu waligeuka wakiwa wameshaitambua, kama unavyotambua kengele ya mlango wa kwenu. Kornel aliinamisha kichwa kwanza, ndipo akageuka.

"Uliza," alisema.

"Umekubali kosa. Sasa tueleze ulivyokosea. Ulifanya nini kwanza, ukafanya nini baadaye?"

Huyu ni mtu aliyeweza kukueleza saa nzima kwa nini mlango mmoja wa ndani ya gemu haufunguki. Leo alisimama pale, ulimi mzito, anatafuta maneno hayaji. Bogna akamwangalia, akaelewa. Mkosaji hujua kosa lake lilivyokwenda. Kornel hakujua, kwa kuwa hakuwepo. Akahamisha macho polepole hadi kwa jaji, mtu pekee ambaye hakuwa amecheka tangu kesi ianze.

Ignac akaiweka nyundo chini.

"Mimi," alisema.

"Ignac, acha," Kornel alisema.

"Niache niseme, nimechoka. Zilikuwepo diski mbili juu ya meza ya jikoni. Moja imeandikwa Ya Mwisho. Nyingine Ya Mwisho Kabisa. Mnaofanya kazi hii mnajua." Baadhi wakaguna, maana walijua. "Mke wangu alikuwa leba, treni ya kwenda kiwandani inaondoka, nikanyakua moja nikakimbia. Sauti ya Bogna ilikuwa kwenye ile nyingine. Tulipogundua, nilikuwa na mtoto mchanga na ninatafuta kazi, na nani angemwajiri mtu aliyezamisha studio? Nikamwapisha huyu asinitaje kwa yeyote. Hakunitaja. Nikawa jaji ili nisiwe mshtakiwa."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Bogna alimsogelea Kornel mpaka akaona uzi ulivyofumuka kwenye sweta lake.

"Ungeniambia mimi peke yangu."

"Nilimwapia."

"Na mimi uliniapia nini?"

Kornel akauvuta ule uzi uliofumuka. Huo ndio ulikuwa mzigo wake yeye, si wa Ignac, na aliujua siku zote. Alichagua kuwa rafiki mwema, mchumba wake akalipa. Bogna alimkasirikia pale pale, kwa hasira mpya isiyohusiana na ile ya zamani, na wakati huo huo alijisikia mwepesi kuliko alivyokuwa miaka mingi. Hakuzibwa mdomo. Alisahauliwa juu ya meza ya jikoni, basi.

Roksana, aliyekuwa ameduwaa, akauliza kwa upole kama ile sauti bado ipo popote. Kornel akasema aliirudisha mwenyewe mwezi wa sita mwaka uliofuata, ikatoka kwenye diski iliyouzwa pamoja na jarida moja la gemu, na nakala yake anayo. Wakaiweka kwenye kompyuta. Kinga akafungua mdomo.

"Chumvi haisahau!" akapiga kelele Bogna wa miaka ishirini na minne. "Enyi mawe, nipisheni!"

Ilikuwa mbaya. Ilikuwa mbaya ajabu, sauti ya mwanafunzi wa maigizo anayelilia gunia la viazi kama amefiwa. Watu walijikaza kwa heshima, mabega yanatikisika, mpaka aliyepasuka kwa kicheko wa kwanza akawa Bogna mwenyewe.

"Mungu wangu. Nilikuwa hivi?"

"Ndivyo ulivyokuwa," Kornel alisema.

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa nakupenda. Sikusikia ubaya wowote."

Aliacha kucheka. Ignac akafuta macho kwa mkono wa gauni na kutoa hukumu: gemu ina hatia, pamoja na sauti na bila sauti, na mtetezi mwenyewe akakubali.

Baadaye walisimama wawili kwenye foleni ya mikate ya uyoga, kwa kuwa hakuna aliyejua pengine pa kusimama. Bogna akauliza habari za studio ya sasa. Walikuwa sita na yeye wa saba, Kornel akasema. Gemu yao haikuwa mbaya, ila ilitoka mwezi ambao watu hawakuwa na haja nayo. Kesho anarudisha funguo. Wenzake amewaambia wasije, wasijiumize bure.

"Kwa hiyo utafunga peke yako."

"Nimeshazoea."

Bogna alitoa simu yake, akampigia msimamizi wa kipindi cha asubuhi. Alisema kesho watafute mtu mwingine wa kusoma habari. Hapana, haumwi. Hapana, si mambo ya mazishi. Akakata.

"Saa ngapi?" akamuuliza Kornel.

"Bogna, mimi sina la kukupa. Sina studio, sina kazi, nina miaka arobaini na tisa."

"Sijakuuliza una nini. Na sijakusamehe yote, usijidanganye, tutagombana sana. Nimekuuliza saa ngapi."

"Saa mbili asubuhi."

"Nitakuja tufunge wote. Viti viko vingapi?"

"Saba."

"Nitabeba vinne. Una mgongo wa mzee."

Kornel alifunga studio mbili bila chozi. Alilia hapo, kwenye foleni, mbele za watu, na mama wa mikate akauliza kama wanataka jibini zaidi. Bogna akamshika mkono na kumjibu yule mama kwamba ndiyo, zaidi, kwa wote wawili.