Sentimita Kumi na Mbili

Foleni ya mpaka wa Rusizi II ilikuwa imejaa mabeseni siku Sandrine alipomkabidhi Valens jetoni yake, kile kikaratasi cha kuvukia mpaka, akasimama akingoja ruhusa. Valens wa watu hakuwa askari wa mpaka. Alikuwa anatoka zake Bukavu kununua viatu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, basi.

"Chef, unisaidie, niko na haraka." Kitenge chake cha manjano kilimkaa, wee!

"Miye si chef, maman. Chef ni ule pale, mita tano."

"Mita tano? Kwangu ile ni mbinguni!"

Valens akacheka, akapenda hapo hapo. Kazi yake ilikuwa kliniki ya macho Kamembe. Haikupita wiki, Sandrine alikuwa na miwani, na pembeni yake kidude cha majaribio: kinapima vitu anavyotazama viko karibu kiasi gani, kwa muda gani, kisha kinatuma hesabu kwenye simu ya Valens. Macho ya Sandrine yalizidi kushindwa kuona mbali, na kukodolea vitu vya karibu kungeyaharibu zaidi. Mapenzi nayo yakakolea, hata ikapangwa wazee wa Valens wavuke Jumamosi kwenda kuposa kwa kina Sandrine, Bukavu.

Jumatatu ya wiki hiyo simu ikaonyesha: saa tisa mchana, sentimita kumi na tano, dakika arobaini. Jumanne vilevile. Jumatano, kumi na mbili!

Kitu gani hukaa sentimita kumi na mbili mbele ya macho ya mwanamke dakika arobaini, kama si uso wa mwanaume? Wivu ukampanda Valens hadi masikioni. Akapiga simu.

"Chérie, leo saa tisa ulikuwa wapi?"

"Kwa soko, bébé. Nilikuwa nauzisha bitenge."

"Na nani?"

"Na bantu! Soko inakosaka bantu?"

Valens hakuamini hata neno moja. Akawaambia wazee wasubiri kwanza.

Alhamisi akamvizia. Sandrine alivuka mpaka, akapita soko la Kamembe bila kugeuka, akateremka Cyangugu kando ya ziwa, akaingia kwenye ua wa mama mzazi wa Valens! Valens akasukuma mlango. Vichwa viwili vilikuwa vimegusana juu ya Biblia ya Kinyarwanda yenye herufi ndogo kama sisimizi, Sandrine akisoma kwa sauti, mama akimsahihisha.

"Jumamosi bashangazi bako ba Rwimbogo banakuja, na habasikiake Kiswahili," mama akafoka. "Mutoto wa bantu anataka kubasalimia na kinywa yake mwenyewe. Ilikuwa surprise, mujinga weye! Na bazee, umebazuia juu ya nini?"

Valens akaeleza. Afadhali angenyamaza. Sandrine akavua miwani, machozi yakamtoka.

"Nilikupatia macho yangu uyatunze, Valens. Sikukupatia unifuate nayo kama polisi."

"Nisamehe, chérie. Niliogopa kukupoteza, nikakuwa mupumbavu."

"Sana."

"Sana kabisa."

Akapiga magoti kwenye sementi na suruali yake mpya. Mama akajifanya anatazama ziwa, sikio ameliacha ndani. Sandrine akafuta miwani kwa ncha ya kitenge. Alimpenda, lakini moyo ulimuuma.

"Bon. Bazee bakuje Jumamosi," akasema mwishowe. "Lakini papa yangu utamuomba weye mwenyewe, na Mashi, luga ya kwetu, maneno yote, bila mukalimani."

"Mashi? Chérie, miye najua Mashi ya kununua maharagi tu!"

"Uko na siku mbili."

Valens akamwangalia mama yake amtetee. Mama alikuwa anammiminia Sandrine chai. Basi akavuta kigoda, akatafuta kalamu.

"Tuanze. 'Nakupenda' banasemaka aje?"

"Ile si ya kuambia papa," Sandrine akasema, na hapo ndipo akacheka.