Neno Juu ya Kaburi la Tokujiro

Asubuhi moja ya mvua za Juni, mjini Kanazawa, Japani, Shigeno aliukuta muswada wake mkavu kurasa zote isipokuwa mahali pamoja: pale alipoandika jina lake. Wino ulikuwa umetota na kufutika, kama uliopitishiwa kidole chenye mate.

Akaliandika upya. Kufika adhuhuri, halipo.

Kwa miaka kumi na tisa Shigeno alitunga riwaya za upelelezi, kumi na nne kwa jumla, na zote zilitoka kwa jina la mumewe, Aramaki Tokujiro, maana mchapishaji alishikilia kwamba hakuna atakayenunua mauaji yaliyotungwa na mwanamke. Tuzo alipokea Tokujiro. Picha alipigwa Tokujiro. Sasa alikuwa na miezi saba kaburini, na riwaya ya kumi na tano ingetoka kwa jina la mwenyewe aliyeitunga.

Mhariri Hatano alipokuja kuuchukua muswada, alinusa hewa, akasita.

"Mama, hiyo si kafuri? Ile aliyokuwa akijipaka marehemu kifuani?"

"Ndiyo yenyewe."

"Basi tutumie jina lake," akanong'ona. "Mara hii tu, tafadhali."

"Nimekaa kimya vitabu kumi na vinne, Hatano. Inatosha."

Hapo chumba cha pili mtu akakohoa, kikohozi kizito cha mvuta tumbaku, kisha mikeka ikalia hatua kwa hatua, mlango wa karatasi ukasogea wenyewe, harufu ya kafuri ikawakaba koo, na pale mezani, mbele ya macho yao, herufi za jina la Shigeno zikaanza kulowa na kutoweka moja baada ya nyingine. Hatano alitoka mbio, viatu akaviacha mlangoni.

Mtawa Ryokai aliitwa, akasoma dua hadi sauti ikamkauka.

"Hatoki, mama. Anasema yeye ndiye mwandishi. Hata jiwe la kaburi lake linasema hivyo."

Shigeno akachukua mwavuli, akaenda moja kwa moja kwa Gonroku, mchonga mawe, akamwongoza hadi makaburini.

"Jina lake liache," alimwambia. "Futa hilo neno la juu tu. *Mwandishi*."

"Mama, watu watasema umerukwa na akili!"

"Waseme."

Gonroku akagonga mara moja. Chini ya jiwe mtu akaguna. Patasi na nyundo vikamponyoka, naye akatimua mbio bila kugeuka.

Shigeno akakunja mikono ya kimono, akapiga magoti matopeni, akaviokota.

"Ulikuwa mume wangu, Tokujiro. Maua nitakuletea. Lakini hukuandika hata sentensi moja."

Akagonga. Ardhi ikatetemeka chini ya magoti yake, kafuri ikafuka kutoka udongoni, na sauti ikapanda, nzito, yenye hasira:

"Shigeno!"

Patasi hakuiachia.

"Ehe, hilohilo," akasema. "Ndilo litakalokaa kwenye jalada."

Akainua nyundo tena.