Fundo la Mama Mkubwa

Jioni ile Injinia alitoka ofisini na puto limekunjwa kwapani, akavuka uwanja kuelekea kibanda cha gesi kama anavyofanya kila zamu ya jioni. Kazi yenyewe haina siri. Unajaza puto gesi. Unalifunga. Chini yake unaning'iniza parachuti ya karatasi, halafu kijisanduku cheupe cha vipimo, kwa uzi mrefu. Unaachia. Kijisanduku kinapanda mpaka kule ambako hata tai hafiki, kinatuma joto, unyevu na upepo kwenye kompyuta, mpaka puto linapasuka na vyote vinaanguka huko vitakakoanguka. Umemaliza. Kesho tena.

Na kwa kazi hiyo walitaka digrii! Digrii ya fizikia, barua za wadhamini, intavyuu mbele ya wazee waliovaa tai na kupiga miayo, ili mwisho wa yote ushike uzi. Mkataba wenyewe ni wa muda. Wanauongeza wakijisikia.

Jina la Injinia alijipa mwenyewe, nyumbani. Ukoo ulikuwa umemsubiri miaka, umemwombea, umemtangaza mpaka kwa wasiouliza. Angewaambiaje kwamba msomi wao anajaza maputo? Akasema yuko kwenye satelaiti. Neno lilitoka laini, likapendwa, likakaa. Kazini aliyejua habari hiyo ni mlinzi wa geti peke yake, maana siku moja simu ya getini ililia, mtu akamuulizia "injinia mkuu wa satelaiti", na mlinzi alicheka mpaka akakaa chini.

"Injinia wetu!" mlinzi alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake cha plastiki. "Leo tunarusha satelaiti au tunarusha bafdei?"

"Linda geti lako, bwana."

"Geti halina shida. Mwenye shida ni wewe. Mbona uso umekuvimba kama hilo puto?"

Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Akasimama nje ya kibanda, maana penye gesi simu hairuhusiwi.

Mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Uko kazini?"

"Niko kazini."

"Dada yangu, mama yako mkubwa, bado hajaonekana." Sauti ya mjomba ilikuwa imekauka. "Tumezunguka mpaka ng'ambo ya mto. Hakuna aliyemwona. Sasa nakuuliza mwanangu, tuko wawili tu hapa. Kile kidude... kweli hukijui? Hata kidogo?"

Injinia alitazama vidole vyake.

"Maana wewe wanakusikiliza," mjomba aliendelea. "Ukisema neno moja, mimi nawarudisha wote wakae chini. Wataomba radhi. Na yeye popote alipojificha atasikia, atarudi kwake. Neno moja tu."

"Mjomba, niko kwenye mitambo. Nitakupigia."

"Haya, baba. Mitambo kwanza."

Mitambo kwanza! Laiti angetukanwa.

Habari yenyewe ilianzia kwenye vibandiko. Kila kijisanduku, kabla hakijarushwa, sharti kibandikwe karatasi ya njano: *Hiki ni kifaa cha hali ya hewa. Hakina madhara. Ukikiona usiogope.* Imeandikwa kwa lugha ya watu, kwa herufi kubwa, na namba ya simu chini. Lakini gundi yake ilikuwa imezeeka. Inakunata vidoleni, inakataa kwenye kisanduku. Tangu mvua zilizopita Injinia aliacha kubandika. Nani atasoma? Vingi huangukia porini. Rundo la vibandiko likabaki kwenye droo, yeye akaendelea kurusha.

Kimoja hakikuangukia porini.

Kiliangukia paa la mama mkubwa. Dada wa mama yake, mjane, asiye na mtoto wa kumzaa, aliyemlea Injinia tangu mama yake alipofariki. Kilishuka wakati wa magharibi, kimya, na kitaa chekundu kinachopepesa. Juu ya bati likatanda lile puto lililopasuka: jeupe, lembamba, limechanika vipande vipande kama ngozi ya mtu iliyovuliwa. Wiki hiyo mtoto wa jirani alikuwa mgonjwa. Unahitaji nini tena? Watu walishapata walichokitafuta. Ungo wake umemwangusha, wakasema. Ngozi hiyo ameivua nani?

Mama mkubwa hakubishana. Alisema tu, "Mngojeni mwanangu. Yeye ndiye mtu wa huko juu. Atatuambia."

Akaitwa. Akaenda, na viatu vya kung'aa. Mbele ya kikao kizima mjomba akamwekea kile kidude mapajani.

Alikijua kabla hakijamgusa. Alilijua puto, alikijua kisanduku, na zaidi ya yote alilijua fundo. Ule uzi ulikuwa umefungwa fundo la kujirudi mara mbili, la kubana kuni zisimwagike njiani. Hakuna mwingine kazini anayefunga hivyo. Alifundishwa akiwa mdogo, uani, na mwanamke huyu huyu aliyekuwa ameketi mbele yake sasa, kanga imefungwa vizuri kifuani, akimtazama.

"Injinia," mmoja wa wazee aliuliza, "hiki kinatoka kwenu?"

Ilikuwa pumzi moja tu. *Ndiyo. Ni puto. Mimi ndiye niliyelijaza.* Lakini aliwaona wale vijana waliokaa ukutani, aliosoma nao, waliomchukia kwa ajili ya zile satelaiti. Aliona vicheko vyao vikijikusanya.

"Hapana," alisema. "Sijui ni nini. Hakitoki kwetu."

Mama mkubwa alikuwa ameshaliona fundo. Alilitazama, akamtazama yeye, akashusha pumzi kama anayetaka kusema neno. Halafu akalimeza.

"Basi," alisema. "Mwanangu amesema hajui. Msimsumbue."

Walimtoa kwake jioni hiyo hiyo. Mlango wakaupigilia misumari.

Sasa, ndani ya kibanda, gesi ilikuwa inafoka. Ssssss... Puto likainuka, likajaa, likagusa dari. Harufu ya mpira ikatanda, ile ya glavu za daktari. Na chini yake harufu nyingine. Nyepesi. Moshi wa kuni... na dawa ya kuchua mgongo, ile ya mama mkubwa, ya kopo la bati.

Injinia alinusa mikono yake. Mpira mtupu.

Akafunga uzi. Alijilazimisha kufunga fundo jingine, fundo la kawaida, la watu wote. Vidole vilikataa. Vilijirudi mara mbili vyenyewe.

Akatoka nalo uwanjani. Upepo ulikuwa umelala, anga ina rangi ya jeraha linalopona. Akaachia puto, uzi ukateleza, kijisanduku kikachomoka mkononi. Kabla hakijachomoka, uzi ulivutwa kidogo. Mara mbili. Hivi ndivyo mtu anavyokuvuta mkono wa shati unapokuwa mdogo na mko katikati ya watu.

Puto likaenda.

"Oyaa, Injinia!" Mlinzi alikuwa amesimama, mkono juu ya macho. "Yule mama ameingilia wapi?"

"Mama gani?"

"Huyo mliyeshika naye uzi. Mwenye kanga. Mimi hapa sijafungulia mtu, utanitia matatani mbele ya bosi." Akageuka huku na huku. Uwanja ulikuwa mtupu, nyasi fupi, hata paka asingejificha. Mlinzi akashusha mkono taratibu. "Au ni macho yangu..."

Hakutania tena jioni hiyo.

Ofisini, Injinia alijifungia na kompyuta. Mstari wa joto ulikuwa unashuka kama inavyotakiwa. Kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi. Hilo halihitaji digrii. Ukashuka, ukashuka, ukafika chini ya sifuri, ukaendelea kushuka...

Halafu ukapanda wima.

Thelathini na saba.

Akagonga kioo cha kompyuta. Thelathini na saba. Huko juu, ambako maji yanakuwa jiwe, kijisanduku kilikuwa kinapima joto la mwili wa mtu mzima.

Akatazama unyevu. Mstari wake ulikuwa unapanda na kushuka. Unapanda... unashuka. Polepole, kwa mpangilio. Alipogundua kuwa kifua chake mwenyewe kinafuatana nao, alishika meza.

Ulikuwa unapumua.

Mtu alikuwa amekikumbatia kile kijisanduku kifuani, huko kwenye baridi, na kukipumulia.

Aliichukua simu kwa mikono miwili. Ikaita. Mjomba akapokea hapo hapo, kama aliyekuwa ameishika.

"Injinia? Sema, baba."

"Mjomba..."

"Nakusikia."

Neno lilikuwa limefika kooni. Alilionja. Lakini nyuma ya mjomba alisikia watu, sebule nzima ya watu, na kijana mmoja akiuliza, "Ni yule wa satelaiti?" Kicheko kidogo. Pengine hakikumhusu hata.

"Nilitaka kusalimia tu, mjomba. Huko hamjambo?"

"Hatujambo," alisema mjomba, akakata.

Kwenye kompyuta kisanduku cha maandishi kilikuwa kimejitokeza, kama kinavyojitokeza kila kipimo kinapokuwa cha ajabu. *Kipimo hiki si cha kawaida. Kihifadhiwe au kifutwe?* Ukikihifadhi, makao makuu watapiga simu. Watataka maelezo. Watauliza zamu ilikuwa ya nani, halafu watafungua droo, watakuta rundo la vibandiko. Ukikifuta, unaandika sababu tu.

Alifuta. Akaandika: *hitilafu ya kifaa.*

Mstari ukarudi kwenye baridi yake, kama hakukuwahi kuwa na mtu.

Usidhani hakuona haya. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akafungua droo, akatoa vibandiko vyote, akakaa kuvibandika kwenye visanduku vilivyobaki kabatini, vitatu vitatu kwa kila kimoja, akivishindilia kwa kidole gumba mpaka kikauma. *Hakina madhara. Usiogope. Usiogope.* Kazi nzuri sana. Sasa ndiyo anabandika!

Jioni iliyofuata lile joto lile lile lilirudi, ila karibu zaidi na ardhi kuliko jana. Akafuta. Jioni iliyofuata, karibu zaidi, kwenye mawingu. Akafuta. *Hitilafu ya kifaa.* Kila alipofuta, lilishuka kumkaribia. Mjomba aliacha kupiga simu. Mtoto wa jirani alipona, watu wakaanza kusema labda walifanya haraka, labda mama wa watu hakuwa na kosa, lakini walisema kwa sauti ya chini, na mlango ulibaki na misumari yake. Walikuwa wanamngoja mwenye elimu aanze.

Mwenye elimu alikuwa na kikao cha mkataba. Makao makuu walikuwa wanakuja kesho kuamua nani aongezewe na nani aende akatafute kwingine. Akanyoosha shati. Akajiambia: nikishapita hapo tu, nitasema. Nitakwenda mwenyewe, nitawaeleza wote. Please, kesho tu ipite.

Jioni hiyo ya mwisho mlinzi hakukaa getini. Alikuwa amehamisha kiti chake nje, upande wa barabara, mgongo kwenye ukuta.

"Mimi nimekaa hapa," alisema bila kuulizwa. "Wewe fanya kazi yako, kaka. Lakini huyo mama mkaribishe hata maji. Anasimama sana."

Injinia akacheka. Kicheko kikatoka kikavu, kikafia hewani.

Kabla ya kurusha, kijisanduku huwekwa mezani kwanza, kando ya kipimajoto cha ofisi, kuhakikisha vinasema kitu kimoja. Akakiweka. Kipimajoto cha ofisi kilisema jioni ya kawaida, ya ubaridi.

Kijisanduku kilisema thelathini na saba.

Hakijaenda popote. Kilikuwa hapa, mezani, karibu na kiwiko chake. Mstari wa unyevu ukaanza kupanda. Ukashuka. Ukapanda...

Harufu ilifika. Moshi wa kuni. Dawa ya kuchua.

Akanyoosha mkono kuchukua uzi, ili apate tu kitu cha kushika. Uzi ulikuwa umeshafungwa. Fundo lilikuwa limejirudi mara mbili, limekazwa kwa nguvu za mtu aliyebeba kuni maisha yake yote, na lilikuwa na uvuguvugu, kama limeachiwa sasa hivi.

*Kipimo hiki si cha kawaida,* kompyuta ikaandika. *Kihifadhiwe au kifutwe?*

Hakugeuka. Shati lake lilivutwa mkononi, mara mbili, taratibu.

"Kesho," alinong'ona. "Mama mkubwa, nakuomba. Kesho nitasema."

Na kidole chake, kile kile chenye gundi ya njano iliyogoma kutoka, kikaenda chenyewe mpaka kwenye *futa*, kikabonyeza.

Nyuma ya kiti mtu alishusha pumzi, kama anayetaka kusema neno.

Halafu akalimeza. Akamsitiri tena.