Vidole Vinne vya Fundi

Picha ya kwanza aliyopiga mwaka ule ilikuwa na vidole vinne visivyo na mwenyewe. Flashi aliviona kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera: Bwana Suti amesimama mbele ya banda lake, meno yote nje, na juu ya bega lake la kushoto vidole vinne vimetulia kama vya rafiki wa siku nyingi. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na bango tu.

Akapangusa lenzi, akapiga tena. Vidole vilikuwapo.

Jina la Flashi alipewa na watu wa maonyesho, maana kwa miaka kumi na moja yeye ndiye alikuwa mpiga picha rasmi wa maonyesho ya biashara ya muziki. Kila mwaka ukumbi ulijaa wauza spika, watengeneza vinanda, mameneja wa wasanii na wasanii wenyewe, wale wanaovaa miwani ya jua ndani ya nyumba kisha wanalalamika kwamba taa ni hafifu. Watu mia walijaribu vyombo mia kwa wakati mmoja, kila mtu na wimbo wake, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Flashi aliipenda kazi ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Ndiyo iliyompa jina, na mama yake, fundi cherehani aliyemlea peke yake, alimsimulia kila mteja kwamba bintiye anapiga picha wakubwa.

Bango la nyuma ya Bwana Suti lilitokana na picha aliyoipiga Flashi mwenyewe, mwaka uliopita. Lilimwonyesha tajiri huyo ameshika gitaa lenye shingo inayokunjika, gitaa linaloingia kwenye mkoba wa shule, na chini yake yameandikwa maneno mawili: Ubunifu Wangu. Uongo mtupu. Gitaa lilibuniwa na fundi mmoja mzee, mpole, mwenye koti la kaki lililojaa madoa ya vanishi. Siku ya picha walisimama wawili, fundi kalishika gitaa shingoni, Bwana Suti kalishika tumboni. Saa moja baadaye Bwana Suti akamfuata Flashi kwenye meza yake, akamwambia kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Huyo mzee mtoe."

Akamtoa. Haikumchukua hata robo saa. Unachukua kipande cha pazia la buluu la nyuma, unakibandika juu ya mtu, kipande juu ya kipande, mpaka pale alipokuwa mtu pakawa pazia. Ila siku ile alikuwa na haraka, na kila anayefanya kazi hii anajua haraka inavyoponza: unamfuta mtu mzima, unausahau mkono wake ulioko upande wa pili. Vidole vinne vya fundi vilibaki kwenye shingo ya gitaa. Hakuna aliyeviona. Bango likachapwa, kitabu cha maonyesho kikachapwa, Bwana Suti akapewa tuzo na makofi.

Fundi alikuja kwa Flashi mara moja tu. Hakupayuka. Alimwomba ile picha ya kwanza, kabla haijaguswa, aipeleke kwa waandaaji. Flashi akamkazia macho akamjibu kwamba ameshaipoteza, na wakati huo kadi ya kamera yenye picha ile ilikuwa kwenye droo, chini ya kiwiko chake. Miezi minne baadaye akasikia fundi amefariki. Alisema "maskini" akaendelea kula, na mimi sitamsaidia kulificha hilo.

Sasa alisogea karibu na bango, akainamisha uso. Shingo ya gitaa ilikuwa tupu. Vidole vilikuwa vimeondoka.

Bwana Suti akamuuliza kuna nini, mbona anaganda kama kaona mkwewe bafuni. Flashi akasema mwanga tu. Tajiri akajikanda bega, akalalamika kwamba tangu asubuhi linamwelemea, tena nani anapaka vanishi humu ndani watu wakifanya biashara? Flashi naye aliisikia harufu.

Alijaribu kufanya kazi kama kawaida. Alipiga picha za wacheza ngoma, za wauza spika, na kila aliporudi kwenye banda lile, maana waandaaji walitaka picha za mshindi wa mwaka jana kila baada ya saa, alikuta kwenye kioo cha kamera vidole vimekuwa kiganja, na kiganja kimeota mkono, na mkono umevaa kaki yenye madoa, na kufikia jioni nyuma ya Bwana Suti alisimama mtu mzima, kimo cha fundi, mabega ya fundi, ila juu ya kola ya koti, pale ambapo pangekuwa na uso, palikuwa na pazia la buluu, mikunjo kwa mikunjo, na mikunjo ile ilikuwa ikipanda na kushuka taratibu kama ya kitu kinachovuta pumzi. Flashi akazima kamera, akasema mkanda wake umemuumiza shingo, akaondoka kabla ya muda.

Siku ya pili Bwana Suti alianza kupungua. Mlangoni walinzi walimdai kitambulisho, naye ndiye aliyewalipia chakula miaka mitatu mfululizo. Wateja walimpita bila kumjibu salamu. Katibu wake, aliyekaa naye miaka tisa, alikuja na kitambaa kupangusa kiti, akapangusa na tajiri wake aliyekuwa amekikalia, kuanzia magoti mpaka kifuani, huku akiimba kwa sauti ya chini. Bwana Suti alipiga kelele za kuufanya ukumbi mzima ugeuke. Hakugeuka mtu.

Akamshika Flashi mkono. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama kitambaa.

"Wewe unaniona?"

"Nakuona, bosi."

"Basi nipige picha. Nipige, waione, wajue nipo." Alikuwa akilia, mtu mzima yule. "Fanya upesi."

Flashi akapiga. Kwenye kioo pazia tu, kutoka ukingo hadi ukingo, na mbele ya pazia yule wa koti la kaki peke yake, ambaye safari hii hakuwa amemwelekea Bwana Suti tena, bali alikuwa ameugeuza ule uso wake wa kitambaa kuelekea kwenye lenzi, kuelekea kwa aliyeishika lenzi, na mkono wake ameunyoosha mbele kama mtu anayeomba apewe kitu alichoahidiwa. Flashi alipoinua macho, Bwana Suti hakuwapo. Sauti yake ilisikika kwa muda kutoka ndani ya banda, ikimtaja mkewe, ikimtaja mama yake, kisha ikawa mlio wa uzi mmoja wa gitaa unaodonolewa chini ya kelele zote, tena na tena. Katibu akauliza nani anachezea gitaa.

Flashi alikimbia mpaka nyumbani. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, watoto wa jirani wanaruka kamba, na hilo lilimtia moyo kidogo. Mama yake alikuwa kwenye cherehani mlangoni, miwani puani, pini mdomoni. Mama yule alikuwa na akili kama wembe: alikumbuka kipimo cha kiuno cha kila mteja tangu enzi hizo. Alipomwona Flashi akatoa pini, akatabasamu, akachukua futi yake ya kupimia.

"Karibu, mwanangu. Unataka kushona nini?"

Flashi akacheka, akidhani ni utani wao. Akasema, mama, ni mimi.

"Wewe nani?"

"Mwanao."

Mama akaiweka futi chini polepole. Hakukasirika, afadhali angekasirika. "Mwanangu, mimi Mungu hakunijalia mtoto," alisema. "Kila mtu mtaani anajua. Usinitoneshe kidonda."

Ukutani zilikuwa picha za miaka yote. Flashi akaziangalia moja moja, roho juu. Ile ya sare ya shule, pazia. Ile ya siku aliyopewa kamera ya kwanza, pazia. Na ile ya zamani kuliko zote, ambayo mama yake, msichana bado, ameketi kitandani na mtoto mchanga, ilimwonyesha mama akicheka huku amepakata bunda la kitambaa cha buluu. Chumba kizima kilinuka vanishi. Hapo Flashi akajua kinachotakiwa si kazi yake wala maisha yake. Akilala siku moja zaidi bila kufanya kitu, hatakuwa mtoto wa mtu yeyote, na mama yake atazeeka akiamini hakuwahi kuwa na mtu.

Akaichukua ile kadi kwenye droo, akaenda kwenye karakana ya fundi. Mjane aliishi chumba cha nyuma. Alikuwa akipanga mbao zilizobaki kwa urefu wake, na hakushangaa kumwona. Flashi alipiga magoti, akaanza kumwomba marehemu radhi kwa jina lake. Mjane akamkatiza.

"Mume wangu alikusamehe siku ileile. Alirudi hapa akasema, yule binti anamwogopa yule tajiri, tumwache. Huyo unayemwona siye."

"Ni nani basi?"

"Jini." Alisema hivyo kama mtu anayetaja jina la jirani. "Ulitoboa tundu lenye umbo la mtu, ukaliacha wazi mwaka mzima mbele ya maelfu ya macho. Limepata mpangaji. Huyo hajui kusamehe, hakuwahi kuwa mtu. Anachojua ni kile alichokikuta mle ndani, na alichokikuta ni dhuluma."

Flashi akauliza kama kuna dawa. Mjane akamwambia amrudishe mwenye nafasi, palepale alipotolewa, mbele ya watu walewale, na aseme kwa mdomo wake mwenyewe ni nani aliyemtoa. Asipunguze hata neno, maana mpangaji yule atamrudishia kadiri atakavyorudisha. Kisha akafungua mlango ili Flashi atoke. "Sikumtuma mimi," aliongeza. "Ila sitajifanya nimesikitika."

Siku ya tatu, siku ya kufunga, Flashi alifika na picha ya kwanza imechapwa kwa ukubwa wa bango. Aliitundika mwenyewe juu ya lile la zamani, akajichoma kidole cha shahada kwa pini, akakifunga plasta. Ndani ya picha fundi alikuwa amelishika gitaa lake, vidole vinne mahali pake. Upande wa pili, aliposimama Bwana Suti, palikuwa pazia tu. Flashi akaomba kipaza sauti, na kelele za ukumbi zikafa chombo baada ya chombo, mpaka ukabaki ule uzi mmoja.

Akasema gitaa lile lilibuniwa na fundi huyu na si mtu mwingine. Watu wakanyanyuka. Watengeneza vyombo wa zamani, waliomjua, walivua kofia. Mwenyekiti wa waandaaji akauliza, kwa upole kabisa, "Na nani aliyemfuta?"

Neno lilikuwa moja tu. Lilifika ulimini. Flashi akaziona nyuso mia tano, akaiona miaka yake kumi na moja, akamwona mama yake akiwasimulia wateja.

"Bwana Suti," alisema. "Ndiye aliyemfuta. Na picha hii aliificha yeye."

Mwenyekiti akakunja uso. "Bwana Suti ni nani?"

Hakuna aliyemjua. Bado Flashi angeweza kusema "mimi". Alisema ni mtu mmoja tu, alishaondoka. Mwenyekiti akatikisa kichwa, uzi ukadonolewa mara ya mwisho ukanyamaza, harufu ya vanishi ikatoweka kana kwamba dirisha limefunguliwa, na watu wakampigia Flashi makofi marefu. Alilia kwa furaha, akaamini yameisha.

Nyumbani mama yake alimpokea kwa matusi matamu. Simu hupokei, chakula kimepoa, watu wa picha hamna akili. Flashi akamkumbatia mpaka mama akalalamika mbavu. Ukutani mtoto mchanga alikuwa amerudi mapajani. Wakala, wakacheka, na mama, aliyekuwa amechangamka, akataka wapige picha ya wawili, maana fundi huwa hashonewi nguo wala mpiga picha hapigwi picha.

Flashi akaiweka kamera mezani, akaitega ijipige yenyewe, akakimbia kukaa kiti cha pili. Akaweka mkono wake begani mwa mama. Taa ikamulika.

Alikwenda kuitazama. Mama alikuwa amependeza, anacheka kweli. Nyuma yake lilining'inia pazia la buluu, na nyumba ile haikuwa na pazia la buluu. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Na kwenye bega la kushoto la mama vilikuwapo vidole vinne vilivyosahauliwa, kimoja chao kimefungwa plasta.

Nyuma yake akasikia futi ya kupimia inakunjuliwa.

"Karibu, mwanangu," mama yake alisema kwa adabu. "Unataka kushona nini?"