Maiti ya Sare Mbili

Maiti ilikuwa imevaa sare mbili.

Sajini Mubanga ndiye aliyeiona ya pili. Alifungua vifungo vya koti la kahawia la walinzi wa kampuni ya Inkalamo, na chini yake likatokea shati la kijani la wafagiaji wa hospitali ya serikali.

"Afande, huyu alikuwa anabadilisha kazi bila kubadilisha nguo," alisema.

Inspekta Nkole Katongo hakucheka. Alilikodolea macho lile koti la kahawia. Koti kama hilo lilikuwa nyumbani kwake, limefungiwa kabatini. Kila mwisho wa wiki aliwasimamia walinzi wa Inkalamo upande wa pili wa mji wa Kitwe, kwa jina na kitambulisho cha shemeji yake, Sampa. Askari haruhusiwi kuajiriwa kwingine. Angejulikana, kazi ingekwenda, na pensheni ingeifuata.

Mwezi huu hofu ilikuwa imezidi. Kodi ya mishahara ilikuwa imebadilishwa: kila mfanyakazi namba moja, ajira zake zote zionekane pamoja, na mwenye ajira mbili akatwe zaidi. Mji mzima, wenye kazi mbili walikuwa wanatembea huku wakigeuka nyuma.

Katongo alijilazimisha kuchuchumaa. Marehemu alikuwa amelala chini ya tangi la maji, nyuma ya jiko la shule ya kulipia aliyokuwa akiilinda. Kisogo kilikuwa kimepasuka kwenye ukingo wa saruji. Rungu lake bado lilikuwa kiunoni.

"Hakulichomoa," Katongo alisema. "Aliyemuua alimjua, na hakumwogopa."

Kwenye tope la tangi palikuwa na alama za buti. Kisigino cha kushoto kilikuwa na kovu, kama kilichoyeyushwa na moto. Mpiga picha wa polisi alizipiga picha zote.

Beji shingoni ilisema: Chola Mumba. Inkalamo waliulizwa kwa simu wakatoa anwani, nyumba moja ya Wusakile, karibu na mgodi.

"Kazi ya kupeleka msiba siipendi," Sajini alinung'unika njiani. "Afadhali kumkamata mwizi mwenye panga."

Walibisha hodi. Mlango ulifunguliwa na mwanamume mwenye macho mekundu.

"Tunaitafuta familia ya Chola Mumba," alisema Katongo.

"Chola Mumba ni mimi."

"Yesu wangu!" Sajini alirudi nyuma hatua nzima.

Katongo mwenyewe alisisimka mwili. "Bwana Chola, asubuhi hii tumeokota maiti yenye jina lako."

Yule mtu aliushika mlango. "Basi mmekosea. Mimi mzima, mnaniona. Sasa samahani, nina zamu mgodini." Akaanza kuufunga.

Katongo aliuzuia kwa mguu. Ndani, jiko la mkaa lilikuwa baridi, na vigodoro vya watoto vilikuwa vimekunjwa.

"Mama watoto yuko wapi?"

"Kasafiri."

"Vaa mabuti yako. Twende kituoni."

Katika chumba cha mahojiano, Sajini alimsomea onyo la kisheria kisha akashika kalamu. Katongo alikaa mbele ya Chola. Alikuwa anaogopa kila jibu ambalo angelipata.

"Bwana Chola, mtu akiambiwa amekufa, huuliza nini?"

"Sijui, afande. Sijawahi kufa."

"Huuliza: ni nani huyo aliyekufa kwa jina langu? Wewe hukuuliza."

"Nilishtuka."

"Ulishtuka ukataka kufunga mlango. Hata sasa hujauliza."

Katongo alielekeza kidole miguuni mwa Chola.

"Vua buti la kushoto."

"La nini?"

"Vua!"

Sajini aliligeuza. Kisigino kilikuwa na kovu la kuyeyuka.

"Cheche za kuchomelea," Chola alisema kwa sauti ndogo. "Mimi fundi wa kuchomelea. Mafundi wote wana mabuti kama haya."

"Na wote walikuwa chini ya tangi la shule jana jioni?"

Chola aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa meza. Alipoinuka, machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Anaitwa Lombe," alisema. "Lombe Kaluba. Tumekua mtaa mmoja, tumekula sahani moja."

"Kwa nini jina lako liwe shingoni mwake?"

"Hospitali haikutaka afanye kazi kwingine. Mama yake anaumwa figo, mshahara haufiki popote. Akaniomba kitambulisho, nikampa. Sikumdai hata sarafu ya ngwee moja. Rafiki ni wa siku ya shida, afande."

"Kisha?"

"Kisha ikaja hii kodi mpya. Mshahara wangu ukatoka umenyofolewa. Nauliza ofisini, naambiwa, 'Wewe si una kazi mbili?' Mke wangu akasikia. 'Kazi ya pili! Miaka miwili! Pesa zake unampelekea mwanamke gani?' Nikaapa. Nikamweleza ni Lombe. Akasema, 'Hata uongo una adabu yake, Baba Mwelwa.' Akabeba watoto, akaenda kwao Kasama."

"Ukamfuata Lombe."

"Nimwombe kitu kimoja tu: azungumze na mke wangu kwa simu, amwambie kazi ni yake. Akakataa. Anasema maneno yatafika hospitalini, atafukuzwa. Ananiambia, 'Vumilia, Chola.' Watoto wangu wameondoka, nivumilie nini? Nikamsukuma. Mara moja tu, afande. Nikamwita, nikamtikisa, kimya. Nikakimbia."

Jana Sampa alikuwa amempigia Katongo simu: "Shemeji, mshahara wangu umekatwa, na mke wangu hanisemeshi." Naye alikuwa amemjibu kwa neno lile lile la Lombe. Vumilia.

"Na alinicheka," Chola aliendelea. "Akasema, 'Mbona Inkalamo kuna inspekta mzima anafanya kazi kwa jina la shemeji yake, wala haogopi?'"

Kalamu ya Sajini ilisimama. Alimtazama mkubwa wake, kisha akatazama karatasi haraka.

"Hizo ni porojo za marehemu, afande," alisema polepole. "Tuziache?"

Sajini alikuwa amemfungulia mlango wa kuponyoka. Alichotakiwa ni kupita tu. Katongo aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mbele ya bunduki. Aliwaona watoto wake wakirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Kisha akamtazama yule fundi aliyekuwa analia mbele yake, akamwona Sampa amekaa kwenye kiti kile kile.

"Andika," alisema.

"Jina la inspekta hakulitaja."

"Nkole Katongo. Andika, kisha mpelekee kamanda."

Sajini aliandika bila kuinua kichwa. Katongo alitoka chumbani, akatoa simu. Alikosea namba mara mbili. Upande wa pili sauti ya Sampa ilikuwa nzito, ya mtu aliyekesha.

"Shemeji," Katongo alisema, "mpe mkeo simu. Nataka kumwambia kazi ile ni ya nani."