Ukuta wa Mimea Saluni kwa Nusaiba

Harufu ya dawa za nywele ilimfuata Nusaiba mpaka soko la Kalundu, ikashinda hata ya mabanda ya kuku. Buibui lake jipya lenye nakshi za fedha lilinuka amonia. Alijichukia. Kikohozi kilimshika kando ya kijana mmoja aliyekuwa akipanga miche kwenye mkokoteni.

"Pole, dada. Unafanya kazi kiwandani?"

"Naonekana hivyo?"

"Unanuka hivyo. Usikasirike. Mimi naitwa Shee, natoka Tawa."

Alikasirika, ndiyo, lakini macho ya Shee yalimpendeza, akabaki kuongea. Akamweleza kuhusu saluni yake ya akina mama wa Kiislamu pale Kitui mjini. Wateja huvua hijabu humo, kwa hiyo madirisha yalifungwa yakapakwa rangi, na mlangoni likatundikwa pazia zito. Dawa, moshi wa nywele zinazoungua na jasho, vyote vilibaki ndani. Daktari alikuwa amemwambia apate hewa safi, la sivyo aiache kazi hiyo. Shee akajitolea kumtengenezea ukuta wa mimea ya kusafisha hewa.

Ijumaa, saluni ikiwa imefungwa, Shee alijaza ukuta mzima mimea ndani ya mifuko ya kitambaa, akafunga feni nyuma yake.

"Majani peke yake hayatoshi," alisema. "Feni itapitisha hewa kwenye mizizi, huko ndiko itakakosafishwa. Na mimea uipe maji safi tu."

Ikawa simu kila jioni.

"Umepumua leo, habibi?"

"Nimepumua mpaka nikasahau kukukumbuka."

"Basi nakuja kuung'oa huo ukuta."

Wiki ya tatu ukuta ukaoza. Mizizi ililegea kama makamasi, vijidudu vikaruka, na maji ya kahawia yakamdondokea bibi harusi begani. Feni ilifanya kazi yake kwa bidii: ilipuliza uvundo ule chumba kizima. Nusaiba alitapika kwenye sinki ya kuoshea nywele, mbele ya wateja.

"Umeniwekea nini humu, Shee? Choo?" alifoka kwenye simu.

"Nije nione."

"Wanawake wako vichwa wazi, utaona nini?"

"Nije mkifunga."

"Usije. Nimeshawaambia wateja wewe ni tapeli."

Shee alikata simu. Hakupiga tena siku tatu, na Nusaiba, pamoja na hasira zake zote, alimkumbuka.

Siku ya nne alimwona Mbula, msaidizi wake, akibeba beseni la maji yaliyotoka kuosha kichwa cha mteja, meusi kwa rangi ya piko, nywele zikielea juu. Akayamimina kwenye mimea.

"Mbula, unafanya nini?"

"Nanyunyizia. Si ni wewe ulisema maji isimwagwe bure?"

Ni kweli, Nusaiba alikuwa amesema hivyo. Kitui maji ya mtungi hayamwagwi. Ya kuoshea vyombo huenda kwenye sukuma wiki, na Nusaiba alilelewa hivyo. Maji safi kwa majani ya ukutani aliyaona ni israfu. Alikaa kitini, aibu ikimchoma, kisha akapiga simu.

Shee alifika baada ya kufunga, shati limepigwa pasi, uso umekunjwa. Alitia mkono kwenye mfuko, akatoa konzi la nywele zilizoshikana na ute mweusi.

"Hii ni nini?"

"Ni mimi. Niliinywesha mimea maji machafu. Nisamehe, Shee."

"Mbele yangu umekiri. Na wao?"

Nusaiba alitoa simu, akarekodi sauti kwa grupu ya wateja: "Uvundo ulikuwa wangu, na Shee si tapeli. Nilimsingizia." Akatuma kabla moyo haujageuka.

Shee alisafisha mifuko mpaka Magharibi ikaadhiniwa, ute umempanda mpaka viwikoni. Alipomaliza mfuko wa mwisho alimtazama.

"Jumapili nataka kuwaleta wazee wangu kwenu."

"Baada ya yale niliyokuambia?"

"Nimekuchukia siku nne, Nusaiba. Imenichosha."

Machozi yalimlenga. Alitaka kumkimbilia, lakini uvundo ukamzuia mlangoni, leso puani.

"Walete," alisema. "Lakini wewe nenda ukaoge."