Kopo la Tiketi za Venisi

Kopo halikuwepo. Kwenye kabati la vioo vilibaki vikombe vya harusi, picha ya ubatizo na mkufu wa dhahabu uliokuwa wazi machoni pa kila mtu. Ila pale lilipokaa kopo jekundu la biskuti palikuwa na duara safi katikati ya vumbi.

Inspekta Verona Stantić aliinama akalitazama lile duara.

"Ndani mlikuwa na nini?"

"Roho yangu!" alilia Terezija Vujković, mwenye nyumba. Alikuwa amekwisha vaa koti la safari na viatu vipya. "Pasipoti zetu tatu na tiketi zote. Segedin, Budapest, Vienna, Praha. Tumeipanga safari hii majira yote ya baridi, mama, na treni inaondoka adhuhuri!"

Nyuma yake wenzake wawili, Jagoda na Ilonka, walikalia masanduku yao kama kuku wanaoatamia. Watatu hawa walishona pamoja kiwandani hadi wakastaafu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala nje ya Serbia. Kuku wa kukaanga wa kula njiani alikuwa tayari mezani, amefungwa, harufu yake imejaa chumba kizima.

Tangu theluji iyeyuke, Verona alikuwa akifukuzana na wezi wa baiskeli mjini Subotica. Kesi hii ilimchemsha damu. Alijikuta akitupia saa jicho kana kwamba naye ni msafiri.

Sajini Kornel, mtu mnene wa makamo, alirudi kutoka kukagua milango.

"Afande, hakuna kilichovunjwa. Madirisha yana komeo kwa ndani. Na kioo cha kabati kimefutwa kwa kitambaa. Hata alama moja ya kidole hakuna."

"Mwizi gani huyu anaacha dhahabu na kuchukua tiketi zenye majina ya watu?" Verona alisema. "Huyu hakutaka mali. Alitaka safari isiwepo."

Alianza na Jagoda, jikoni, mlango umefungwa.

"Jana jioni ulikuwa hapa?"

"Tulikula wote. Kisha mimi na Ilonka tukaenda zetu. Kama ni mimi niliyeiba, nife hapa hapa!"

"Usife, mama. Jibu tu. Nani hakuitaka safari hii?"

Jagoda alisita. Akachungulia mlango, akamsogelea inspekta sikioni.

"Nikwambie siri? Praha haimo. Jana mimi na Ilonka tulipokwenda stesheni kuchukua tiketi, tuliitoa. Kutoka Vienna tunateremka Venisi. Terezija ameiota Venisi tangu usichana wake, na mwezi huu ndio wa kuzaliwa kwake. Tiketi za kutoka Vienna tumezitia kwenye bahasha, tukaibandika gundi. Tumemwambia asiifungue mpaka tufike Vienna."

"Nani mwingine anajua?"

"Mungu, na yule wa dirisha la tiketi. Basi."

Ilonka, alipohojiwa peke yake, alisema vile vile, neno kwa neno, kisha akaangua kilio kwa sababu ametoa siri.

Akabaki mmoja. Stipan, mume wa Terezija, alikuwa uani akiwamwagia njiwa wake mahindi. Mwili wake ulikuwa mkubwa, mabega ya mtu aliyeendesha treni maisha yake yote.

"Mzee Stipan, usiku ulisikia chochote?"

"Nililala."

"Safari hii unaionaje?"

"Mambo ya wanawake hayo. Mimi simo."

"Hawakukushirikisha?"

"Waliniuliza wapi pa kubadilisha treni, wapi pa kungoja. Nikijibu, wanarudi kwenye ramani yao."

"Na wasipoondoka leo?"

"Watavua viatu, watapika. Bibi wa umri ule anafuata nini Venisi? Kulowesha miguu?"

Verona alimsogelea.

"Umesema Venisi."

"Nimesema mji. Mji wowote."

"Mkeo mwenyewe anajua anakwenda Praha, mzee. Venisi imo ndani ya bahasha iliyobandikwa gundi, na bahasha imo ndani ya kopo lililoibwa."

Mahindi yalimponyoka Stipan mkononi. Macho yake yalipanda kidogo tu, kwenye banda la njiwa, yakashuka. Yalimtosha Verona.

"Sajini, panda banda lile!"

Ngazi ililalamika chini ya Kornel. Njiwa walitoka kwa kishindo. Aliposhuka alikuwa na manyoya kichwani na kopo jekundu kwapani.

Wanawake watatu walikuwa wamekwisha tokeza uani. Verona alilifungua kopo mbele yao. Bahasha ilikuwa imechanwa, na tiketi zilizochungulia zilisomeka 'Venisi'. Akazipanga pasipoti juu ya benchi: ya Terezija, ya Jagoda, ya Ilonka. Kisha akatoa nyingine, mpya kabisa, kurasa zake nyeupe, hata muhuri mmoja haumo. Akasoma jina.

"Stipan Vujković."

Terezija aliziba mdomo. "Stipan?"

"Nimechukua mimi," alisema mzee. "Ulipolala." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Miaka yote niliwapeleka watu mpakani. Pale wananikatia mabehewa, kinakuja kichwa kingine cha treni, kinaondoka nao. Mimi nageuza, narudi kunywa supu. Nilipowaona mnapanga, nikaenda kimya kimya kuchukua pasipoti. Nikasema, iko siku mmoja ataniuliza, 'Na wewe je?' Mliniuliza kila kitu. Hilo hamkuniuliza. Jana nikachana bahasha nione labda mmenikatia hata tiketi moja. Hamna."

"Nilidhani umechoka na treni, mume wangu!"

"Sijachoka na treni. Nimechoka kurudi."

Kisha Terezija akashika kiuno.

"Mdomo wa kula unao, wa kusema huna? Ungetamka neno moja tu, bwana wee!" Ghafla akageuka kwa shoga zake. "Ngojeni kwanza. Venisi?"

"Venisi!" walipiga kelele Jagoda na Ilonka pamoja, na Terezija akawakumbatia wote wawili, analia, anacheka, kofia imemwangukia puani.

Verona alikohoa.

"Mzee, umeiba, umefuta ushahidi, umewasumbua polisi. Mlalamikaji anasemaje?"

"Mlalamikaji anasema akavae shati safi," Terezija alijibu. "Mbio! Tiketi yake tutaikata stesheni."

"Na njiwa wangu?" Stipan aliuliza, tayari yuko mlangoni.

"Wako chini ya ulinzi wa polisi," alisema Verona. "Sajini atawalisha."

Kornel alipangusa manyoya kichwani.

Walijibana kwenye gari la polisi, masanduku magotini, kuku juu ya masanduku. Verona aliwasha king'ora. Hakuwa na ruhusa ya kukiwasha, naye hakujali. Watu walisimama kando ya barabara kutazama ni jambazi gani aliyekamatwa, wakaona mabibi wanapunga mikono.

Treni ilikuwa bado pale. Jagoda na Ilonka walirusha mizigo ndani. Verona, akitweta, alihesabu vichwa na kukuta kimoja hakipo.

Stipan alikuwa akitembea peke yake kuelekea mbele ya treni, mwendo wa mtu anayekwenda kazini.

"Stipan!" Terezija alimwita kutoka mlango wa behewa. "Abiria wanapandia huku!"

Mzee alisimama. Alikitazama kile kichwa cha treni, akakivulia kofia, akageuka, akaja mbio.